Saa Moja Kabla ya Kisu

Daktari lazima awe na moyo mgumu. Ndivyo anavyojibiwa mwanafunzi wa tiba anayethubutu kusema kwamba tangu aanze kupasua maiti nyama haimpiti kooni, usingizi hauji, na harufu ya fomalini inamfuata mpaka kitandani. Jibu hilo tumelisikia vya kutosha. Halijamsaidia mtu.

Yanayowapata vijana hawa yanajulikana. Watafiti wa nchi nyingi wamewauliza wanafunzi, na majibu yanafanana: kichefuchefu, kizunguzungu, ndoto mbaya, kukosa hamu ya kula. Wengi hutulia baada ya wiki chache. Wachache hawatulii, nao ndio wanaonyamaza zaidi, kwa sababu darasa zima linajifanya limezoea. Ukiwakuta wanaitania maiti na kuipa jina la mzaha, usikimbilie kusema hawana adabu. Mara nyingi ni woga tu. Na kinachowashtua zaidi si tumbo lililofunguliwa. Ni mkono. Kucha zilizokatwa vizuri, kovu la panga kwenye kidole, na hapo kijana anakumbuka kwamba aliyelala mezani alikuwa mkulima kama baba yake. Ndiyo maana walimu wengi huacha uso na mikono vikiwa vimefunikwa mpaka zamu ya kuvichunguza ifike.

Burundi ina mzigo wa ziada. Mwaka 2020 Tume ya Ukweli na Maridhiano ilifukua Karusi mabaki ya watu zaidi ya 6,000, katika makaburi ya halaiki yanayohusishwa na mauaji ya 1972. Mwanafunzi anayepanda basi la kwenda Kitivo cha Tiba, Kamenge, leo anaweza kuwa mjukuu wa mtu ambaye hadi sasa hajulikani alipolazwa. Tena msiba kwetu una utaratibu wake: watu hukaa kilio, huzika, na baadaye hukusanyika kuganduka, yaani kumaliza msiba, ndipo maisha yakaendelea. Kijana aliyelelewa hivyo anawekwa mbele ya marehemu asiye na jina wala kilio, anaambiwa ataje misuli ya kifua. Halafu tunashangaa jioni amekataa mishikaki.

Wazee wa mtaa wa Buyenzi wanajua, bila kupita chuoni, kwamba mtu huzoeshwa maiti hatua kwa hatua. Anayejifunza kuosha maiti hasukumwi ndani peke yake. Anasimama kando ya mzoefu, kwanza anamimina maji tu, anaona marehemu anavyositiriwa, anaambiwa kwamba atakayoyaona humo hayatoki nje. Siku nyingine ndipo anashika mwenyewe. Kama mtaa unaweza kumpokea hivyo mgeni wa kazi, chuo chenye maprofesa na maktaba kinashindwa nini?

Haihitajiki semina ya hotelini wala mfadhili. Kabla ya kisu cha kwanza, wanafunzi waingizwe chumbani kwa makundi madogo, saa moja, watazame tu, waelezwe mwili ulivyopatikana, na anayetaka kutoka nje atoke bila kukatwa alama. Kila meza ipewe mwanafunzi wa miaka ya juu atakayewaambia bila aibu kwamba yeye alitapika. Wiki ya kwanza ikiisha, wapate saa nyingine ya kuzungumza na mtu wa saikolojia, si mwalimu yule yule anayesahihisha mtihani wao. Atatoka wapi? Kitivo cha Tiba cha Chuo Kikuu cha Burundi kiko Kamenge. Kituo cha magonjwa ya akili, CNPK, kiko Kamenge hiyo hiyo. Na atakayesema ratiba imejaa, tunamuuliza: ratiba yenye nafasi ya mifupa 206 imekosa saa mbili?

Limebaki la mwisho, ambalo ndilo linaloahirishwa kuliko yote: kuagana. Katika Chuo Kikuu cha Tzu Chi, Taiwan, wanafunzi huzitembelea familia za waliotoa miili yao, wakajua mtu huyo alikuwa nani, na masomo yakiisha humsindikiza kwa heshima zote. Tutaambiwa wale walijitolea wakiwa hai, ilhali vyuo vingi vya Afrika hutegemea maiti zisizodaiwa na jamaa. Ni kweli, na hilo nalo lirekebishwe. Shirikisho la kimataifa la wanaanatomia lilishauri tangu 2012 kwamba itumike miili iliyotolewa kwa hiari tu. Lakini asiye na jamaa ndiye anayehitaji zaidi watu wa kumzika. Waliomsoma mwaka mzima, wakaujua moyo wake kuliko daktari yeyote aliyewahi kumpima, ndio jamaa aliobaki nao.

Basi moja mpaka makaburi ya Mpanda. Padri, mchungaji na shehe, kwa kuwa dini ya marehemu hatuijui. Mafuta ya safari hiyo hayafikii bei ya vinywaji vya sherehe moja ya mahafali. Mwanafunzi mwenye neno aseme, asiye na neno ashike koleo, na saa sita wawe wamerudi mjini kula.