Jamaa wafunzwe kutunza kidonda kabla mgonjwa hajatoka wadi

Mtu anapoambiwa ana saratani ya utumbo mpana, jamii nzima huelekeza macho kwenye siku ya upasuaji. Harambee hufanywa, maombi husomwa, na pengine kipande cha shamba huuzwa. Siku hiyo ikipita salama kila mtu hushusha pumzi. Hata hivyo, sisi madaktari wa kliniki za mitaani twajua kwamba majuma machache yanayofuata, wakati mgonjwa yuko nyumbani kwake Umoja, Likoni au Nakuru akiwa na mshono mrefu tumboni, ndiyo huamua mengi kuhusu kupona kwake.

Maoni yangu ni kuwa hospitali zetu, za umma na za kibinafsi, zisimruhusu mgonjwa wa aina hii kwenda nyumbani kabla ya jamaa yake mmoja kusafisha na kufunga kidonda hicho kwa mikono yake mwenyewe, muuguzi akimtazama. Kuambiwa tu hakutoshi. Ni lazima afanye na aonekane amefanya sawasawa.

Msomaji aweza kuuliza kwa nini kidonda hiki kipewe uzito kuliko vingine. Jibu ni kwamba utumbo mpana ni makao ya bakteria wasiohesabika. Daktari mpasuaji anapokata sehemu yenye uvimbe na kuunganisha ncha zilizobaki, baadhi ya viini hivyo vyaweza kufika kwenye nyama na ngozi, hata kazi ikifanywa kwa uangalifu mkubwa. Ndiyo sababu mshono wa mtu aliyepasuliwa utumbo hufanya usaha kwa urahisi kuliko wa mtu aliyepasuliwa ngiri. Hatari huzidi kwa wenye kisukari kisichodhibitiwa, wavutaji sigara, watu wanene sana na wale ambao ugonjwa umewakondesha.

Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2018, ambao ulifuatilia zaidi ya wagonjwa 12,000 wa upasuaji wa tumbo katika nchi 66, ulionyesha tofauti ya kusikitisha. Katika nchi zilizoendelea sana, wagonjwa 9 hivi kati ya 100 walipata maambukizi ya kidonda katika siku 30 za kwanza. Katika nchi za kadiri walikuwa 14, na katika nchi zilizo nyuma zaidi walikuwa 23. Wagonjwa wote hao wana utumbo wa namna moja. Kinachotofautiana ni mazingira na huduma wanayopata kabla ya upasuaji, wakati wa upasuaji na baada yake.

Kwa mgonjwa wa saratani, kidonda kilichooza kina madhara zaidi ya maumivu na harufu. Wengi ambao ugonjwa umefika kwenye tezi huhitaji kutiwa dawa za kuua chembe za saratani, na kwa kawaida dawa hizo huanzishwa kati ya juma la nne na la nane baada ya upasuaji. Kwa kuwa hupunguza nguvu za mwili za kupigana na viini, daktari hawezi kumpa mtu mwenye kidonda kinachotoa usaha. Itabidi asubiri. Na kadiri dawa hizo zinavyochelewa, ndivyo faida yake inavyopungua.

Mwaka jana nililetewa mzee mmoja siku ya tisa baada ya kupasuliwa. Binti yake, mwuzaji wa nguo mtaani, alikuwa akimtunza kwa mapenzi makubwa. Alikuwa amefungua vidonge vya antibayotiki alivyouziwa dukani na kunyunyiza unga wake juu ya mshono. Jirani akamshauri aongeze maji ya chumvi nyingi, na mwingine akaleta spiriti. Chini ya gamba hilo la unga usaha ulikuwa umejaa. Nilipomwuliza alivyoelezwa hospitalini, alinionyesha karatasi yenye jina la dawa za maumivu na tarehe ya kurudi. "Daktari, hakuna aliyenionyesha," akasema. Ilibidi nyuzi kadhaa zifunguliwe na kidonda kisafishwe kila siku kwa muda wa majuma matano. Dawa za saratani zilichelewa kwa zaidi ya mwezi mmoja.

Simlaumu binti huyo hata kidogo. Alifanya alilojua. Swali ni kwa nini hakufunzwa, ilhali yanayohitajika si mengi.

Kwanza, mikono ioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kabla na baada ya kugusa kidonda. Jambo hili ni la maana kuliko dawa yoyote ya kupaka. Kidonda kikiwa kimefunga na ni kikavu, baada ya saa 48 mgonjwa aweza kuoga kwa maji ya kumiminiwa, lakini asiketi ndani ya beseni. Mshono ukaushwe polepole kwa kitambaa safi bila kusugua. Kikiwa bado kina unyevu, kisafishwe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kisha kifunikwe kwa shashi safi. Bandeji ikilowa ibadilishwe mara moja. Spiriti, unga wa vidonge, majivu, dawa ya meno na asali ya jikoni vyote vikae mbali.

Pili, kuna wagonjwa waliotobolewa njia ya choo tumboni na kuvalishwa mfuko. Hapa jamaa wengi huona aibu, wakamwacha mgonjwa ahangaike peke yake gizani. Mfuko unaovuja hupeleka choo moja kwa moja kwenye mshono ulio karibu. Ubadilishwe mara tu unapovuja, ngozi ioshwe kwa maji ya vuguvugu, na mikono ioshwe tena kabla ya kugusa kidonda. Aliyeondolewa mkundu naye ana kidonda kingine kati ya makalio, ambacho huchukua muda mrefu kupona. Huyo asikalishwe kwa muda mrefu kwenye kiti kigumu.

Tatu, mshono usilemewe. Kwa majuma sita mgonjwa asiinue mtungi wa maji wa lita 20, gunia wala mtoto. Akikohoa aubane mto tumboni. Ale mayai, samaki, maziwa na nyama laini kadiri daktari anavyomruhusu, maana mwili hauwezi kuunganisha nyama bila chakula cha kuujenga.

Nne, ajue dalili za hatari. Wekundu unaoenea, joto la mwili la nyuzi 38 au zaidi, maumivu yanayozidi badala ya kupungua, usaha au harufu mbaya vyataka daktari siku hiyo hiyo. Tumbo likivimba na kuuma vikali huku mgonjwa akitapika, huenda maungio ya ndani yamevuja. Majimaji ya rangi ya waridi yakibubujika ghafla, huenda mshono wa ndani umeachia. Na utumbo ukitokeza, usirudishwe ndani. Ufunikwe kwa kitambaa safi kilicholoweshwa maji safi, mgonjwa alale chali bila kula wala kunywa, na apelekwe hospitali bila kuchelewa.

Nina hakika kuna wauguzi watakaosoma haya na kutikisa vichwa. Watasema wadi zimejaa, wauguzi ni wachache, na kitanda kinangojewa na mgonjwa mwingine. Wanasema kweli. Lakini tufanye hesabu. Kumfunza jamaa huchukua nusu saa, na yaweza kufanywa wakati ule ule muuguzi anapobadilisha bandeji. Mgonjwa anayerudi na kidonda kilichooza hulala kwenye kitanda hicho hicho kwa majuma kadhaa, akitumia bandeji, dawa na wauguzi wale wale ambao tunasema hawatoshi. Gharama hiyo aghalabu hutoka mfukoni mwa familia ambayo tayari imeuza ilicho nacho.

Isitoshe, kuna watu ambao hatujawatumia vya kutosha. Mwaka wa 2023 serikali iliwapa wahudumu wa afya ya jamii vifaa vya kazi na kuwatuma vijijini na mitaani. Hospitali ikimpigia simu mhudumu wa mtaa siku mgonjwa anapotoka, mtu huyo aweza kumtembelea kati ya siku ya tano na ya kumi, wakati ambapo usaha mwingi huanza kuonekana. Mzee niliyemtaja angegunduliwa mapema. Kadhalika, karatasi ya kutoka hospitalini iandikwe kwa Kiswahili chepesi, nayo iwe na nambari ya simu ambayo hupokelewa hata usiku.

Mpaka hayo yatakapokuwa kanuni, msomaji, usisubiri kuitwa. Ikiwa baba, mama au mwenzio amepasuliwa utumbo, nenda wadini siku mbili kabla ya kutoka na umwambie muuguzi, "Naomba nikifunge mimi, nawe unitazame." Uliza nyuzi zitatolewa lini, bandeji zapatikana wapi, na umpigie nani kukiwa na shida usiku. Usiondoke kabla ya kupata majibu, na usione haya kuuliza mara ya pili.