Fungueni Mashini Kabla ya Kulaumu

Kompyuta mpakato ikifa hapa Butembo, lawama ya kwanza humwangukia aliyeiuza: katuletea mtumba wa Dubai, kachukua dola zetu, kaenda zake. Wakati mwingine lawama hiyo ni ya haki. Lakini fungueni mashini kwanza. Mara nyingi mtakuta kati ya feni na vibati vyembamba vya kupozea pameziba vumbi jekundu, limeshikana na nyuzi za nguo mpaka limekuwa nene kama kipande cha blanketi. Hewa haipiti. Feni inavuma, kitako kinachoma mapaja, kazi inakwenda polepole, mwisho mashini inajizima mwanafunzi akiwa katikati ya kuandika memwari yake.

Vumbi hilo ni la kwetu. Kutoka Butembo hadi Beni ni zaidi ya kilomita 50, na wengi tunazikata kwa pikipiki, kompyuta ikiwa ndani ya begi la kitambaa mgongoni. Kwenye vibanda vya kuchapa na kutoa fotokopi mlango uko wazi kutwa, na malori ya mpakani Kasindi hayapunguzi mwendo kwa ajili ya mtu anayechapa barua ya kuomba kazi.

Dawa yake ni rahisi na bei yake ndogo. Zima mashini kabisa, usiilaze tu. Chomoa chaja, na betri kama inatoka. Vumbi la kwenye matundu na kibodi litolewe kwa brashi laini ya rangi, mpya na kavu. Ukifungua ndani, bana feni kwa kijiti isizunguke unapopuliza, maana ikizungushwa kwa nguvu inaweza kuharibika. Na tafadhali, msiipeleke kwa fundi wa matairi! Kompresa yake hutoa hewa kali mno, tena yenye maji na mafuta. Asiyejiamini na bisibisi amwendee fundi wa kompyuta, ambaye pia atabadilisha ile dawa ya kijivu inayopakwa juu ya prosesa, kwani hukauka baada ya miaka.

Skrini inafutwa kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo tu. Maji yaende kwenye kitambaa, kamwe yasimwagwe kwenye kioo. Wakati wa Ebola, 2018 hadi 2020, tulizoea kunawa kwa maji ya klorini kila mlangoni, na desturi hiyo iliokoa maisha. Lakini kwa kompyuta maji hayo ni sumu: klorini hula chuma na kuharibu uso wa skrini.

Vyuo vyetu, Graben hapa Butembo na UCBC kule Beni, pamoja na ofisi za serikali, vinaweza kupanga siku ya kusafisha mashini zao zote kabla ya kila kipindi cha mitihani. Gharama ni brashi chache na mchana mmoja.

Kwa wauzaji tuna ombi gumu zaidi. Anayeuza kompyuta ya mtumba aifungue mbele ya mnunuzi, aonyeshe feni yake, ndipo ataje bei. Nawe mnunuzi, akikataa, funga mkoba wako uende duka la pili.