Anayeuliza kuhusu ardhi si adui wa upepo

Mwandishi, katika makala yako umewaita wanasiasa wa Marsabit, Kenya, wapinga maendeleo kwa kuuhoji mradi wa umeme wa upepo. Mimi sikubali. Mradi wa upepo wa Ziwa Turkana una mitambo 365 na uwezo wa megawati 310, na umeme wake husafiri zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa. Huko Ulaya ilikotoka sehemu ya mkopo wake, unasifiwa kama mfano wa nishati safi. Sawa, ni safi. Lakini ekari 150,000 ulizopewa mradi zilitoka wapi? Zilikuwa malisho ya Warendile, Wasamburu, Waturkana na Waelmolo, ardhi ya amana chini ya baraza la wilaya, na wafugaji walipokwenda mahakamani mwaka 2014 walisema hawakushirikishwa. Oktoba 2021 mahakama ya ardhi mjini Meru ikaamua kwamba hati za ardhi hiyo zilipatikana kinyume cha utaratibu. Huo ni uamuzi wa majaji, ndugu yangu, si porojo za jukwaani.

Ni kweli wapo wanasiasa wanaodandia hasira za watu ili wapate kura, hao tunawajua. Ila hasira yenyewe hawakuitunga wao. Kinangop nako mradi wa upepo ulikufa mwaka 2016 baada ya wakulima kuugomea kwa sababu ya mashamba yao.

Katiba ya Kenya, Kifungu cha 63, inaitambua ardhi ya jamii. Wafadhili wanaohubiri Malengo ya Maendeleo Endelevu waanzie hapo: wakae na wazee, akina mama na vijana kabla ya hati kutiwa saini, na mkataba usomwe kwa lugha ya wenyeji.