Droni ya bei nafuu Kilwa: Bei ya dukani ni mwanzo tu

MSIMU wa ufuta unapomalizika na fedha za mnada kuingia kwenye akaunti za wakulima, ndipo mipango ya nyumba nyingi hupangwa upya katika kata ya Mitole, wilayani Kilwa. Mmoja huwaza bati, mwingine pikipiki, wa tatu bomba la kupulizia mikorosho. Kwa kijana mwenye biashara ya kupiga picha, siku hizi orodha hiyo inaweza kuwa na kitu kingine: ndege ndogo isiyo na rubani yenye kamera, maarufu kama droni.

Tamaa hiyo haikuja bure. Mwaka 2019 kampuni ya DJI ya China ilitoa droni ya kukunja, Mavic Mini, yenye uzito wa gramu 249, ikauzwa dola 399 nchini Marekani. Mwaka 2024 kampuni hiyo hiyo ilitoa Mini 4K kwa dola 299 na nyingine ndogo zaidi, Neo, kwa dola 199. Kwa hesabu ya Sh2,500 kwa dola moja, hizo ni kama Sh750,000 na Sh500,000, kabla ya usafiri na kodi.

Kwa bei hizo, mtu anayezunguka na kamera kati ya Mitole, Nangurukuru, Kivinje na Kilwa Masoko anaweza kuona kwamba mlango umefunguka. Harusi zipo. Wageni wanaokwenda kutazama magofu ya Kilwa Kisiwani wapo. Vyama vya ushirika na miradi ya vijiji nayo inahitaji picha za kuambatanisha kwenye taarifa zake.

Hata hivyo, suala la kujiuliza si droni ipi ina bei ndogo. Suala ni ipi itabaki kuwa nafuu baada ya kulipia kibali, kukabili upepo wa pwani na kuhesabu kazi itakazofanya. Asiyepiga hesabu hiyo anaweza kujikuta ameuza ufuta wa shamba zima ili anunue kitu cha kufungia kabatini.

Kibali kwanza, mzigo baadaye

Nchini Tanzania droni si sawa na simu au kamera ya kawaida. Sheria inaihesabu kuwa chombo cha anga, na matumizi yake yanasimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA) chini ya kanuni zilizotungwa mwaka 2018. Pamoja na usajili wa TCAA, kunahitajika ridhaa ya Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa.

Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapoweza kuteleza. Matangazo ya wauzaji wa nje husifu droni zisizofika gramu 250 kwa sababu katika baadhi ya nchi uzito huo humpunguzia mmiliki masharti. Marekani, kwa mfano, haimlazimishi anayerusha kwa kujifurahisha kusajili droni ya namna hiyo. Lakini sheria ya Marekani haifanyi kazi Kilwa. Hata Uingereza, tangu Januari 2026, imeshusha kiwango na kuanza kudai usajili kwa droni za kuanzia gramu 100.

Kwa hiyo uzito mdogo ni faida ya kubeba, si kibali. Mnunuzi makini huuliza TCAA kabla ya kulipa, hasa anapoagiza kwa mtandao, maana mzigo unaotangulia kibali unaweza kuzuiliwa forodhani na fedha ikalala huko. Anayenunua kwa mtu mkononi naye atake kuona karatasi za usajili, kama vile anavyotaka kuona kadi ya pikipiki.

Kwa anayesafiri, kibali kimoja hakimalizi kila kitu. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, yaliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, yako chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA), na kupiga picha za angani pale ni jambo la kuombewa ruhusa. Hifadhi za taifa zina masharti yake. Anayevuka kwenda Zanzibar au Kenya aulize kwanza taratibu za huko.

Tena Kilwa ina maeneo nyeti kuliko wilaya nyingi. Kuna kiwanja cha ndege cha Kilwa Masoko. Kuna mitambo ya gesi ya Songo Songo na Somanga, na mabomba yanayopeleka gesi Dar es Salaam. Mtu anayerusha kamera juu ya miundombinu kama hiyo asishangae akihojiwa na vyombo vya usalama.

Safari ya pikipiki na mashua

Aliyekwisha kupata majibu ya kibali ndiye anayepaswa kuangalia chombo chenyewe. Kwa mtu wa Mitole sifa ya kwanza ni kuweza kusafiri. Droni inayokunjwa ikaingia katika begi dogo la mgongoni hustahimili mtikisiko wa pikipiki kuliko ile inayobebwa ndani ya sanduku kubwa.

Sifa ya pili ni betri. Betri ya droni ndogo kama Mini ina nguvu ya kama wati-saa 17, karibu sawa na betri ya simu kubwa. Maana yake ni kwamba sola ya nyumbani inayochaji simu yaweza kuichaji pia, hasa ikiwa chombo kinapokea waya wa USB. Hili ni jambo kubwa kwa anayelala kijijini kabla ya kazi ya asubuhi.

Muda wa kuruka nao usomwe kwa tahadhari. Mini 4K imeandikiwa dakika 31 na Neo dakika 18, lakini hizo ni za majaribio ya kiwandani katika hewa tulivu. Upepo hupunguza muda, na hakuna rubani mwenye busara anayesubiri betri iishe angani. Kwa kazi ya siku nzima betri tatu ni mahitaji, si anasa. Bei ya betri za akiba iulizwe siku hiyo hiyo inapoulizwa bei ya droni.

Anayesafiri kwa ndege akumbuke kwamba betri hizi za lithiamu hubebwa ndani pamoja na abiria, hazipakiwi kwenye mzigo unaokwenda chini.

Kusi haina huruma

Pwani ya Lindi ina pepo zake. Kusi huvuma kwa nguvu miezi ya katikati ya mwaka, wakati ule ule ambao mvua zimekatika, barabara zimekauka, ufuta umeuzwa na sherehe zimeanza. Kwa maneno mengine, msimu wa kazi ndio msimu wa upepo.

Hapo tofauti ya Sh250,000 kati ya droni mbili huonekana. Neo imetengenezwa kuhimili upepo wa hadi mita 8 kwa sekunde, yaani kama kilomita 29 kwa saa. Mini 4K inafika mita 10.7 kwa sekunde, yaani kilomita 38 kwa saa. Neo inafaa uani, chini ya miembe na kwa picha za karibu. Kwenye ufukwe wa Kilwa Masoko alasiri ya Julai, yenye uwezo mkubwa ina nafasi nzuri zaidi ya kurudi.

Mafundi wa kazi hii huanza kwa kuipeleka droni kule upepo unakotoka, ili wakati wa kurudi, betri ikiwa imepungua, upepo uisukume. Anayefanya kinyume hufurahia mwendo wa kwenda, kisha hukitazama chombo kikihangaika bila kusogea.

Bahari ina mtego mwingine. Droni yenye GPS hukumbuka mahali iliporukia, na mawasiliano yakikatika au betri ikishuka hurudi pale pale. Ikirushwa kutoka kwenye mashua inayokwenda Kilwa Kisiwani, chombo kitakuwa kimesogea, na droni itarudi kutua juu ya maji. Ni heri kuirushia nchi kavu, kisha kuihamisha kwa mashua ikiwa imezimwa.

Maandishi ya kwenye boksi

Soko la mtandaoni limejaa droni za dola chache ambazo boksi lake limeandikwa "4K". Maandishi hayo peke yake hayamsaidii mnunuzi. Kuna mambo manne ya kuuliza.

La kwanza, ina GPS? Bila hiyo chombo hakijui kilipotoka, na upepo kidogo tu hukichukua. La pili, kamera imeshikwa na nini? Zilizo bora zina kishikio chenye mota kinachosawazisha kamera pande tatu, hivyo picha hutulia hata droni ikiyumba. Mini 4K ina kishikio cha namna hiyo. Neo inasawazisha upande mmoja kwa mota na pengine hutegemea programu. Zile za kuchezea watoto hazina kabisa, na mteja wa harusi hatalipia picha inayotetemeka.

La tatu, mapanga na betri za akiba zinapatikana wapi? Panga moja likivunjika Mitole na duka liko Dar es Salaam, kazi ya wiki hiyo imepotea. La nne, simu ya mnunuzi inakubali programu ya droni hiyo? Nyingi za bei nafuu hutumia simu kama kioo cha kutazamia, na simu ya zamani huweza kuigomea. Atakayelazimika kununua simu mpya aiweke bei yake kwenye hesabu.

Shamba linapata nini?

Kwa mkulima, droni ya kamera ina faida lakini isipewe sifa isiyo yake. Inaonyesha sehemu ya shamba iliyotuamisha maji, mikorosho iliyokauka katikati, au njia ya mifugo iliyopita kwenye ufuta. Katika wilaya iliyopata mafuriko makubwa Januari 2020, na ambako mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara kuu Mei 2024, picha ya juu huonyesha haraka palipoharibika.

Mfano mkubwa uko Zanzibar, ambako kuanzia mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar na Benki ya Dunia walitumia droni kuchora ramani ya Unguja na Pemba. Lakini zile zilikuwa droni za upimaji, zikirushwa kwa mpango na watu waliofunzwa, si kamera ya begini.

Droni ya kamera haipulizii salfa kwenye mikorosho. Hiyo ni kazi ya mashine nyingine, kubwa na ya bei nyingine kabisa. Wala picha yake haithibitishi mpaka wa shamba. Mgogoro wa ardhi bado unahitaji serikali ya kijiji na mpimaji anayetambulika. Anayeuziwa droni kwa ahadi ya "kupima shamba" aulize maswali zaidi.

Kununua au kukodi

Hesabu ndiyo inayokata shauri. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba droni ya Sh750,000 ikiongezewa usafiri, kodi, betri mbili, kadi ya kumbukumbu, mapanga, begi na nauli za kufuatilia vibali inafika Sh1,800,000. Iwapo kilo ya ufuta inauzwa Sh2,500, huo ni ufuta wa kilo 720.

Mpiga picha anayebakiwa na Sh60,000 kwa kila kazi baada ya nauli na msaidizi atahitaji kazi 30 kurudisha fedha yake. Akipata mbili kwa mwezi, ni miezi 15, endapo droni haitaanguka. Huyo anaweza kununua, na heri anunue ile inayohimili upepo kuliko ile ya bei ya chini kabisa.

Kikundi cha wakulima kinachotaka picha mara tatu kwa mwaka kiko katika hesabu nyingine. Kikikodi kwa Sh100,000 kwa siku kitatumia Sh300,000 kwa mwaka, hivyo kingehitaji miaka sita kufikia gharama ya kununua. Kwa kikundi hicho, droni ya bei nafuu kuliko zote ni ya mtu mwingine mwenye vibali vyake.

Limebaki jambo moja ambalo halimo kwenye boksi. Nyumba za pwani zina ua, na uani wanawake hukaa kwa uhuru wao. Kamera inayopita juu bila hodi huleta ugomvi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaigusa picha ya mtu. Katika sherehe mpiga picha apatane mapema na wenye shughuli ni wapi apite na wapi asipite.

Mfanyabiashara wa Mitole anayeuona ufuta wake ukigeuka fedha hana sababu ya kuogopa teknolojia hii, wala ya kuikimbilia. Aanze TCAA, apige hesabu ya kazi alizonazo mkononi, kisha ndipo aulize bei. Akigeuza mpangilio huo, atajua bei kwanza na gharama mwishoni.