Nani Anamuuguza Muuguzaji?

Mwezi uliopita nilikuwa nyumbani Nkwenda, wilayani Kyerwa. Wengine bado mnasema "kule Karagwe", maana tulikuwa wilaya moja hadi 2012. Nilikwenda kumwona baba mgonjwa, nikarudi Dar nikimuwaza mama.

Kwa baba ilianza na kijiko. Kinamponyoka, tunacheka. Baadaye vifungo vya shati vikamshinda, ulimi ukawa mzito kama amelewa rubisi, na mzee wa watu hajagusa kitu. Halafu akaanza kusahau. Anauliza kama kahawa imeshavunwa, unamjibu, baada ya dakika tano anauliza tena. Jamani, maneno yakaanza! Shangazi akasema karogwa, na jirani yetu mjane akaanza kutazamwa vibaya. Mwaka mzima ukaishia kwa waganga.

Daktari bingwa jijini Mwanza ndiye aliyetufungua macho. Baba ana magonjwa mawili. La kwanza huua neva zinazoamuru misuli, na misuli isiyopata amri hukonda na kulegea. Ndilo lililompata Stephen Hawking, mwanasayansi wa Uingereza, mwaka 1963 akiwa na miaka 21. Yeye aliishi hadi 2018, lakini wengi hawamalizi hata miaka mitano. La pili ni Alzeima, inayokula kumbukumbu. Ugonjwa ule wa neva ukiandamana na demensia, mara nyingi huwa ya aina nyingine, ile inayoanza kwa kubadili tabia. Kukutana na Alzeima ni nadra, ila hutokea. Yote mawili hayana dawa ya kuponya. Hayaambukizi, na si uchawi.

Wala usidhani demensia ni ya Wazungu. Utafiti wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, uliochapishwa 2013, uliikuta kwa watu kama 6 katika kila 100 wenye miaka 70 na kuendelea.

Sasa mama. Usiku anaamka mara nne kumgeuza baba. Mchana anamponda ndizi ziwe laini, anamkalisha wima asipaliwe. Siku moja baba alimuuliza, "Mama, wewe ni nani?" Mama akajibu, "Ni mgeni wako, mzee." Baba akasema, "Basi mpeni mgeni kahawa atafune." Mama alicheka, kisha akatoka nje kulia.

Sisi watoto tulikuwa tunatuma hela kwa simu, tukaona tumeuguza. Nikamuuliza, "Mama, lini mara ya mwisho umelala usiku kucha?" Akasema, "Mwanangu, kabla ya Pasaka." Niliona aibu. Siku hizi tuko zamu, watoto wanne, kila mmoja wiki moja kwa mwezi. Kaka yangu amejifunza kumgeuza mzee, na mama analala.

Shangazi bado hajaenda kumwomba radhi yule mjane. Nilikwenda mimi.

Msomaji wangu, kama kwenu kuna mgonjwa, leo piga simu. Ila usimuulizie mgonjwa kwanza. Muulizie anayemuuguza, kisha uulize zamu yako ni lini.

Tukutane mwezi ujao.