Msomi wa kompyuta na wajibu wake kwa umma

Vijana wengi wanaomaliza Kidato cha Sita katika michepuo ya sayansi huomba nafasi za kusomea sayansi ya kompyuta na uhandisi wa programu. Masomo hayo yanafundishwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Dodoma na vyuo vingine kadha, na wengi wa wanafunzi hao husoma kwa mikopo ya Serikali. Fedha hiyo ni ya wananchi. Kwa hiyo ni haki ya wananchi kuuliza: vijana hawa wanasomeshwa ili wamtumikie nani, na sisi watumishi wa umma na walimu tunafanya nini ili utumishi huo upatikane?

Swali hili haliwahusu maprofesa peke yao. Kazi za umma katika nchi yetu sasa zinapita ndani ya mifumo ya kompyuta. Mwananchi anayelipa ada ya Serikali hupewa kwanza namba ya kumbukumbu ya malipo. Mzabuni anayetaka kuuza madawati au kujenga daraja hupitia NeST, mfumo wa ununuzi wa umma uliojengwa na wataalamu wetu wenyewe na kuanza kutumika mwaka 2023. Taarifa za ajira na mshahara wa mwalimu wa kijijini zimo ndani ya mashine. Ni dhahiri basi kwamba mtu anayeandika programu za umma leo anashika kazi ambazo zamani ziligawanywa kati ya karani, mhasibu na mtunza masijala. Karani akikosea, kosa lake aghalabu huishia katika jalada moja. Mwandishi wa programu akikosea, kosa lake hufika wilaya zote siku hiyo hiyo.

Nchi yetu ina historia katika jambo hili, na haifai isahauliwe. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Miaka ya mwanzo ya 1970 jitihada za kuhamishia hesabu za Serikali kwenye mashine zilikumbwa na matatizo makubwa, na mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Wapo wanaoitaja amri hiyo kwa kicheko, kana kwamba ilitokana na woga wa maendeleo. Hiyo si haki. Mashine zilinunuliwa kwa fedha za kigeni zilizokuwa adimu, zikaendeshwa kwa kutegemea sana wataalamu wa nje, na zilipoleta matatizo hapakuwa na Watanzania wa kutosha wenye ujuzi wa kuzirekebisha. Amri ile ilikwisha kuondolewa zamani, lakini fundisho lake lingali pale pale: taifa linalotumia chombo lisichokielewa hujifunga kwa yule anayekielewa.

Wako wanaodhani kwamba kusoma kompyuta chuo kikuu ni kujifunza kuchapa barua, kutengeneza majedwali na kufunga nyaya za mtandao. Dhana hiyo ni potofu, na inawapotosha wazazi na hata waajiri. Tuchukue mfano mmoja. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120. Tuseme majina ya watu wote hao yameandikwa katika daftari moja bila mpangilio wowote, nawe unatafuta jina moja tu. Huenda ukasoma mamilioni ya majina kabla ya kulipata. Lakini majina hayo yakipangwa kwa alfabeti, unaweza kufungua daftari katikati, ukaona kama jina unalolitaka liko nusu ya kwanza au nusu ya pili, ukaiacha nusu isiyohusika, kisha ukaigawa tena ile iliyobaki. Kwa njia hiyo hutahitaji kufungua daftari zaidi ya mara 26. Majina ni yale yale na msomaji ni yule yule. Tofauti yote imeletwa na fikra. Sayansi ya kompyuta ni elimu ya kutafuta fikra za namna hiyo, kuthibitisha kwamba ni sahihi, na kupima gharama yake.

Msingi wa elimu hiyo ni hisabati, na hisabati ni somo ambalo kwa miaka mingi limewaangusha watoto wetu wengi mno katika mtihani wa Kidato cha Nne. Hapa ndipo mwalimu anapoingia. Vishikwambi vilivyotumika katika sensa na baadaye kugawiwa kwa walimu ni msaada mzuri, lakini havitafanya kazi ya mwalimu. Mwalimu anayemtaka mwanafunzi aeleze kwa nini jibu lake ni sahihi, asiridhike na jibu lililokaririwa, anamwandaa mhandisi wa programu hata kama shule yake haina kompyuta hata moja.

Uhandisi wa programu una jambo lingine la ziada. Jina lenyewe lilipata nguvu mwaka 1968, wataalamu walipokutana Garmisch, Ujerumani Magharibi, kuzungumzia tatizo lililokuwa likiwasumbua: programu kubwa zilichelewa, zilizidi gharama, na zilipokamilika zilikuwa na makosa. Waliona kwamba haitoshi kuwa na mtu hodari wa kuandika. Lazima kuwepo na taratibu za kuwasikiliza watakaotumia mfumo, kuandika mahitaji yao, kujaribu kila sehemu kabla haijatumika, kutunza kumbukumbu za kila badiliko, na kumtaja anayewajibika.

Taratibu hizo zikipuuzwa wanaoumia ni watu. Kuanzia mwaka 1999 Shirika la Posta la Uingereza lilitumia mfumo wa hesabu ulioitwa Horizon. Mfumo huo ulionyesha upungufu wa fedha katika vituo vya posta ambako hakuna aliyeiba. Waendeshaji wa vituo waliposema kwamba mashine imekosea, hawakusikilizwa. Wengi walilipa kutoka mifukoni mwao. Zaidi ya 900 walitiwa hatiani, na baadhi yao wakafungwa gerezani. Mwaka 2019 Mahakama Kuu iliamua kwamba mfumo ule ulikuwa na kasoro zilizoweza kuleta upungufu huo, na mwaka 2024 Bunge likatunga sheria ya kufuta hukumu zile. Kwa muda wa miaka ishirini neno la mashine lilipewa uzito kuliko neno la mtu mwaminifu. Ikiwa hayo yalitokea katika nchi tajiri yenye wahandisi tele, sisi tuna kila sababu ya kujihadhari.

Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alionya juu ya elimu inayomtenga msomi na jamii iliyomsomesha. Onyo hilo linamhusu msomi wa kompyuta kuliko wengi, kwa sababu kazi yake anaweza kuifanya chumbani mwake pasipo kumwona hata mara moja yule atakayeitumia. Dawa yake ipo tayari katika mitaala: ni yale mafunzo kwa vitendo ambayo mwanafunzi hupelekwa kuyafanya katika ofisi, hospitali na halmashauri. Tatizo ni namna tunavyompokea.

Tuseme ukweli. Katika ofisi nyingi kijana huyo hukabidhiwa printa iliyokwama, au huwekwa kwenye kiti achape barua. Wiki zake zikiisha, mkuu wake hutia saini kitabu chake cha mafunzo, naye hurudi chuoni akiwa hajui mfumo wa ofisi ile unamsumbua nani na kwa nini. Wakati huo huo, meza ya pili, mtumishi wa umma ana kaunta buku ambalo huandika kwa kalamu yale yale aliyoyaingiza kwenye kompyuta, kwa kuwa hauamini mfumo. Kaunta buku hilo ni somo kubwa kuliko mihadhara mingi. Linaonyesha pale ambapo mhandisi hakumsikiliza mtumiaji. Mwanafunzi angeketishwa na mtumishi huyo kwa siku tatu tu, akamwuliza kila safu ya daftari lake ina kazi gani, angejifunza maana ya kukusanya mahitaji ya mtumiaji.

Baadhi ya wakuu wa ofisi husema kwamba wanaogopa kufichua siri za Serikali na taarifa za wananchi. Hofu hiyo ina msingi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatutaka tuwe waangalifu. Lakini mwanafunzi hahitaji kupewa nywila wala jalada la mtu ili aelewe kazi inavyokwenda. Anahitaji kuelezwa hatua za kazi na kuonyeshwa mahali zinapokwama. Na pale ambapo mfumo wetu una kasoro, tusione haya kumwambia. Mficha uchi hazai.

Vyuo navyo visijione vimemaliza wajibu. Mradi wa mwaka wa mwisho wa mwanafunzi usipimwe kwa uzuri wa skrini peke yake. Upimwe pia kwa kumwuliza: ni nani uliyemsikiliza kabla ya kuanza? Umeujaribu mfumo wako mahali ambapo umeme hukatika na mtandao husuasua? Maelezo yake yanaeleweka kwa Mtanzania wa kawaida? Vijana wetu hufundishwa kwa Kiingereza, kisha hutengeneza mifumo inayomwonya mtumiaji kwa Kiingereza kigumu, naye hubonyeza asichokielewa. Si kwamba lugha yetu haiwezi. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu za kazi za ofisi kwa Kiswahili. Kilichotakiwa kufuata ni mazoea, na mazoea hujengwa darasani.

Sasa wamezuka wanaosema kwamba masomo haya hayana maana tena, kwa vile akili unde yenyewe inaweza kuandika programu kwa dakika chache. Ni kweli kwamba inaweza kuandika, na wanafunzi watajifunza kuitumia. Lakini haiwezi kwenda masijala kuuliza kwa nini kuna kaunta buku, wala haiwezi kuitwa mbele ya kamati ya hesabu kueleza fedha za halmashauri zimekwenda wapi. Kadiri programu zinavyoandikwa kwa haraka ndivyo tunavyohitaji watu wa kuzisoma, kuzipima na kukataa zile zisizofaa. Mtu asiye na elimu ya kutosha hawezi kukataa. Ataupokea mfumo kama mgeni wa miaka ya 1970 alivyoupokesha, na atabaki kuomba radhi kwamba mtandao uko chini.

Hatuna budi basi kila mmoja kushika nafasi yake. Mwalimu wa hisabati aendelee kudai sababu, asikubali kukariri. Chuo kimtoe mwanafunzi chumbani na kumpeleka kwa mtumiaji. Na mkuu wa ofisi atakayempokea mwanafunzi wa kompyuta msimu ujao wa mafunzo amwondolee printa mikononi, ampe kiti karibu na mtumishi mwenye kaunta buku, na kabla ya kutia saini amtake aandike ukurasa mmoja kueleza mfumo wa ofisi hiyo unamkwamisha nani. Ukurasa huo upelekwe chuoni, na nakala yake ibaki ofisini isomwe.