Mashine ya Mifuo: Inunuliwe au Iundwe Kikima?

Swali la iwapo fundi wa bati anunue mashine ya mkono ya kutia mifuo au aiunde mwenyewe huonekana dogo, la kumalizwa na mwenye karakana na mfuko wake. Hata hivyo, katika Ukambani, ambako mvua haitabiriki na mavuno ya msimu mmoja hulazimika kuvuka hadi mwingine, swali hilo linagusa maji, chakula na matumizi ya fedha za umma. Soko la Kikima, lililoko kwenye milima ya Mbooni katika Kaunti ya Makueni, ni mahali pafaapo pa kulipimia.

Mfuo ni mstari ulioinuliwa juu ya uso wa bati ili kulikakamaza. Bati la geji 30, lenye unene wa takriban milimita 0.3, huyumba na kubonyea likiachwa bapa. Likitiwa mifuo, hupata ukakamavu ambao vinginevyo ungedai bati nene na la bei kubwa zaidi. Mashine yenyewe ina shafti mbili zilizolala sambamba na kuunganishwa kwa gia zilizo sawa, hivyo kwamba hendeli ikizungushwa, shafti hizo huzunguka kwa kuelekeana na kulivuta bati katikati ya rola mbili, moja dume yenye ukingo uliotokeza na nyingine jike yenye mfereji. Skrubu ya juu hukazwa kidogo kidogo kila bati linapopitishwa upya, kwani fundi akiikaza kwa pupa, bati hupinda au kupasuka, na zinki inayolikinga huchubuka, kutu ikapata pa kuanzia.

Wanaotetea kununua wana hoja nzito: rola za kiwandani hulingana barabara, na kazi huanza siku ile ile. Udhaifu wa mashine nyingi za bei nafuu uko kwenye fremu, ambayo huwa na pengo refu la kupitishia bati lakini chuma chembamba, kiasi kwamba skrubu ikikazwa fremu hutanuka na kujisokota, na mfuo hutoka haba, tena uliopinda. Anayeunda, kwa upande wake, huweza kuchomelea fremu ya vyuma vizito kuukuu na kuikarabati mwenyewe ikilegea. Kinachomshinda ni shafti na rola, ambazo hudai mashine ya kukereza na chuma kigumu, kwa sababu shafti zisipokuwa sambamba, bati huenda upande. Kwa hiyo jawabu la kiufundi halimo katika kuchagua upande mmoja: fremu iundwe papo hapo, na rola, gia na shafti zinunuliwe au zikerezwe na fundi mwenye vifaa.

Kwa nini basi umma uhusike? Mwaka 2004, sumu ya aflatoksini, inayotokana na ukungu wa nafaka, iliwapata watu 317 na kuua 125 mashariki mwa Kenya, na Makueni na Kitui zilikuwa miongoni mwa wilaya zilizoathirika zaidi. Mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu yalikuwa chanzo kikuu. Ghala la bati lililokakamazwa kwa mifuo na kufungwa vizuri huzuia panya na dumuzi, mdudu mharibifu wa mahindi yaliyohifadhiwa, lakini halikaushi nafaka. Mahindi yakitiwa humo yakiwa mabichi, ukungu utastawi vilevile. Fundi anayelitengeneza ghala hilo karibu na mkulima anaweza kulipa ukubwa unaomfaa na kulikarabati mshono ukiachia.

Ni kweli kwamba matangi ya plastiki yamepunguza soko la matangi ya bati, na anayetaka kaunti itumie fedha kwa mashine hizi hana budi kulikabili jambo hilo. Hata hivyo, plastiki haijaondoa haja ya mitaro ya paa inayoyapeleka maji tangini, wala majiko, wala masanduku ya bati ya wanafunzi wa bweni, na bidhaa hizi zote huimarika kwa mifuo.

Katiba ya mwaka 2010 ilizikabidhi kaunti jukumu la vyuo vya ufundi vya vijijini, kwa hiyo uamuzi uko karibu na wananchi. Kaunti ikinunua mashine kamili na kuzigawa kwa vikundi vya mafundi, itakuwa imenunua vyuma ambavyo, rola ya kwanza ikilika, vitafungiwa stoo. Ikiwekeza katika mashine moja ya kukereza chuoni, itakayotumiwa na mafundi wa jua kali kwa ada nafuu, huku wanafunzi wakijifunza kwa kuunda fremu na kuzipima kwa bati halisi, itakuwa imenunua uwezo wa kuunda mashine nyingine nyingi. Mafundi wa Kikima wanastahili njia hii ya pili, kwa sababu ugumu wao haujapata kuwa uhaba wa mikono. Ni uhaba wa zana ya kutengenezea zana.